Mafuta ya kuchulia yapashe kwa maji, si kwa moto

Kwa abhyanga, masaji ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, tia vijiko vikubwa 4 vya mafuta ya ufuta kwenye kikombe cha chuma, ukisimamishe ndani ya bakuli la maji ya moto dakika 5. Jaribu tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono: liwe vuguvugu, lisichome. Ukiyabandika jikoni yanaungua upesi, maana hayatoi mapovu kama maji kukuonya. Yakiwa vuguvugu hutandaa vizuri, ngozi hulainika, misuli hulegea. Mikono na miguu chua kwa urefu. Magoti na viwiko, zungusha. Subiri dakika 15, ndipo uoge. Mwenye homa, kidonda au mzio wa ufuta asipakwe. Nyayo zifute kabla hujakanyaga vigae. Hapo ni rahisi kuteleza.