Jinsi ya kutambua Aspergillus kwa PCR katika damu na majimaji ya mapafu

Mgonjwa wa saratani ya damu ambaye seli zake nyeupe zimeshuka kutokana na tiba anaweza kushambuliwa mapafu na fangasi aina ya Aspergillus, huku sampuli zake zikioteshwa maabara bila chochote kuota. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya fangasi huyo, kinaweza kuuona ugonjwa unaokosekana kwa njia hiyo. Hata hivyo, ubora wa majibu yake huamuliwa kwa kiasi kikubwa kabla mashine haijawashwa, na kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye sampuli na utoaji wa DNA.

Damu ichukuliwe kwenye chupa yenye EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda), kamwe isiwe yenye heparini, ambayo nayo huzuia kuganda, kwa kuwa heparini huzuia kimeng'enya cha PCR kufanya kazi. Kwa damu nzima, pata angalau mililita 3. Kwa plazma (majimaji ya damu isiyoganda) au seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda), angalau mililita 0.5. Kati ya hizo mbili za mwisho ni afadhali plazma, kwani damu inapoganda ili kutoa seramu, sehemu ya DNA ya fangasi hubaki imenaswa ndani ya bonge. Majimaji ya kuoshea mapafu, yanayopatikana kwa bronkoskopi (mrija wenye kamera unaoingizwa mapafuni), hutoka mahali penyewe palipougua, lakini yanaweza pia kubeba spora ambazo mtu amezivuta kwa pumzi bila kuugua.

Ukuta wa seli ya fangasi umejengwa kwa chitini na glukani, na vifaa vilivyozoeleka vya kutolea DNA ya virusi mara nyingi havitoshi kuuvunja. Unapotumia damu nzima, pasua kwanza seli nyekundu, kisha seli nyeupe, uzungushe mchanganyiko kwa kasi hadi mashapo yatulie chini, halafu uyatikise mashapo hayo kwa nguvu pamoja na vishanga vidogo vya kioo. Mashapo ya majimaji ya mapafu nayo yatikiswe vivyo hivyo. Plazma na seramu hazihitaji hatua hii, kwa sababu DNA inayotafutwa humo imekwisha kutoka ndani ya seli. Mwishoni, DNA iliyosafishwa ipokelewe katika ujazo wa chini ya mikrolita 100, maana fangasi huwa kidogo sana na kila tone la ziada linamfifisha.

Tatizo kubwa kuliko yote ni uchafuzi. Spora za Aspergillus zimo hewani na katika vumbi la jengo lolote, na DNA yake imewahi kukutwa ndani ya chupa mpya za kuchukulia damu na hata katika vimeng'enya vinavyouzwa kwa ajili ya kuvunja ukuta wa fangasi. Fanyia kazi ndani ya kabineti ya usalama, tumia ncha za pipeti zenye chujio, tenga chumba cha kutolea DNA na chumba cha PCR, na upime kila shehena mpya ya vifaa kabla haijagusa sampuli ya mgonjwa. Kidhibiti hasi, yaani sampuli isiyo na fangasi, kipitishwe katika hatua zote tangu utoaji wa DNA, si kwenye PCR peke yake. Kikitoa majibu chanya, majibu yote ya awamu hiyo ya upimaji yafutwe na sampuli zirudiwe. Hapa sioni nafasi ya mjadala.

Kwa PCR yenyewe, lenga jeni za RNA ya ribosomu (sehemu ya seli inayotengeneza protini), kwa mfano 18S, 28S au eneo la ITS, ambazo hujirudia mara nyingi katika jenomu moja. Kila sampuli ipimwe angalau mara mbili sambamba, pamoja na kidhibiti cha ndani, yaani DNA nyingine inayowekwa makusudi kuonyesha kwamba PCR haikuzuiwa. Kidhibiti hicho kikichelewa, punguza makali ya DNA mara 10 kisha urudie. Endesha mizunguko 45 ya kunakili DNA, kwa sababu katika damu ishara ya kweli mara nyingi huonekana baada ya mzunguko wa 36. Kukata majibu kwenye mzunguko wa 35, kama wanavyofanya baadhi ya wapimaji wa virusi, ni kuwaacha wagonjwa halisi.

Jibu chanya moja la damu lina umahususi (uwezo wa kutowapa jibu chanya wasio wagonjwa) wa takriban asilimia 80 tu. Majibu mawili chanya huupandisha hadi karibu asilimia 95, ingawa unyeti (uwezo wa kuwaona walio wagonjwa) hushuka hadi karibu 60. Ndiyo maana vigezo vya kimataifa vya mwaka 2020 vinadai majibu mawili chanya ya damu yanayofuatana, au marudio mawili chanya ya majimaji ya mapafu, au moja chanya la damu na moja la majimaji ya mapafu. Ripoti itaje pia iwapo mgonjwa anatumia dawa ya kuzuia fangasi, kwani dawa hiyo hupunguza uwezekano wa kipimo kumwona.

Baada ya jibu chanya, inafaa kutafuta mabadiliko ya TR34/L98H katika jeni cyp51A, yanayomfanya fangasi akinze dawa za azoli (kundi la dawa za fangasi); mwaka 2014 ilichapishwa taarifa kwamba yamepatikana katika sampuli za mazingira za Tanzania. Jeni hiyo huwa nakala moja tu, hivyo katika damu mara nyingi haitoi ishara. Isipoonekana, andika kwamba kipimo cha ukinzani hakikufanikiwa, na usiandike kwamba fangasi anasikia dawa.