Kufunga na kukalibreti kihisi cha kondaktiviti kwenye mtambo wa kuondoa chumvi

Visima vingi vya pwani, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, hutoa maji ya chumvi, na ndiyo sababu hoteli na viwanda vya maji ya chupa hufunga mitambo ya osmosisi geuzi, inayosukuma maji kupitia membreni (utando unaozuia chumvi), ile ambayo mafundi huiita RO. Mtambo wa namna hiyo hutegemea vihisi viwili vya kondaktiviti, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme: kimoja kinapima maji yanayoingia, kingine maji yaliyochujwa. Kihisi cha pili kikisoma juu kuliko hali halisi, maji mazuri yanamwagwa. Kikisoma chini, tangi linajaa maji ya chumvi huku skrini ikionyesha mambo ni shwari.

Maelezo haya ni ya vihisi vya elektrodi mbili vyenye kipimajoto cha platini cha aina ya Pt1000 ndani yake, vikiwa na transmita (kifaa kinachogeuza kipimo kuwa ishara ya umeme) ya volti 24 inayotoa mkondo wa 4–20 mA. Jambo moja lishike tangu mwanzo: kalibresheni, yaani kukirekebisha kihisi kwa myeyusho wenye thamani inayojulikana, ni kazi ya mwisho. Ukikalibreti kihisi chenye uchafu, kiputo cha hewa au unyevu ndani ya kebo, kasoro hiyo umeihalalisha, na siku itakapoondoka namba zitaharibika upya.

Hatua ya 1: Chagua kihisi kinachoendana na maji

Angalia konstanti ya seli, ile K iliyoandikwa kwenye lebo, namba inayotokana na umbo la elektrodi na umbali kati yake. Maji yaliyochujwa, ambayo kwa kawaida huwa chini ya 200 µS/cm (mikrosimensi kwa sentimita, kizio cha kondaktiviti), yanataka K ya 0.1. Maji ya kisima yenye chumvi, yanayosoma µS/cm elfu chache, yanataka K ya 1. Kwa maji ya bahari yenyewe, yanayofika karibu 53,000 µS/cm, tumia K ya 10 au kihisi cha koili kisicho na elektrodi zinazogusa maji.

Ukiweka K ya 0.1 kwenye maji ya chumvi nyingi, ioni hurundikana kwenye uso wa elektrodi na kuzuia mkondo. Namba itashuka chini ya ukweli, na kadiri chumvi inavyozidi ndivyo kosa linavyokua. Kalibresheni haiwezi kuponya hilo.

Soma pia presha ambayo kihisi kinastahimili. Vingi vya mwili wa plastiki haviruhusiwi kuzidi bar 7 hadi 10, na kikomo hicho hushuka maji yanapokuwa ya moto. Kwa hiyo kihisi cha maji yanayoingia kifungwe baada ya vichujio vya katriji lakini kabla ya pampu ya presha kubwa.

Hatua ya 2: Mahali na mkao kwenye bomba

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu kihisi hupima kile tu kinachopita kati ya elektrodi zake. Hewa haipitishi umeme. Kiputo kidogo kikikwama humo, namba inashuka.

Mahali pazuri kuliko pote ni bomba lililosimama wima, maji yakipanda kutoka chini kwenda juu, maana hewa hutoka yenyewe. Kama bomba limelala, ingiza kihisi ubavuni, upande wa saa tatu au saa tisa ukilitazama bomba kama uso wa saa. Usikiweke juu, hewa hukusanyika hapo. Usikiweke chini, mchanga na kutu hutua hapo.

Funga kihisi kwenye tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) ili maji yaingie moja kwa moja kwenye ncha yake. Vihisi vya aina hii huwa na elektrodi ya nje iliyo kama mrija na vitundu ubavuni karibu na kitako. Vitundu hivyo ndivyo vinavyotoa hewa na kuyazungusha maji, kwa hiyo hakikisha vyote vimo ndani ya mkondo. Vikibaki vimejificha kwenye shingo ya tii, hewa itakaa juu ya elektrodi ya ndani na utapata namba inayocheza kila pampu inapowaka.

Weka koki mbele na nyuma ya tii, na bomba dogo la kupitishia maji pembeni, ili kihisi kitolewe bila kuzima mtambo. Watu hubana matumizi kwa kuziacha koki hizi, halafu kihisi kinakaa mwaka mzima bila kusafishwa kwa kuwa hakuna anayetaka kusimamisha uzalishaji. Kaa mbali pia na sehemu ambapo dawa ya kuzuia magadi (ukoko wa madini) inadungwa: dawa ambayo haijachanganyika vizuri hufanya namba iruke kwa kufuata mapigo ya pampu ya dawa.

Kwenye nyuzi za kufungia kihisi zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba mara tatu au nne, ukiacha uzi wa kwanza wazi ili vipande visikatikie ndani. Kaza kwa mkono, kisha robo hadi nusu mzunguko kwa spana. Shika kihisi kwenye nati yake tu, kamwe usikizungushe kwa kushika kebo.

Hatua ya 3: Nyaya

Waya mbili ni za seli, mbili au tatu ni za Pt1000, na kuna wavu wa kukinga. Fuata mchoro wa mtengenezaji, rangi hutofautiana. Wavu uungwe upande wa transmita peke yake. Ukiuunga pande zote mbili unatengeneza njia ya mkondo wa ardhi. Usipitishe kebo hii kwenye trei moja na nyaya za pampu inayoendeshwa na invata (kifaa cha kubadili kasi ya mota), na usiirefushe kwa kuunga vipande, hasa ile ya K 0.1, ambayo husumbuliwa haraka na kebo ndefu.

Glandi (kibano cha kebo kwenye boksi) ikazwe sawasawa, na kebo ipinde kwenda chini kabla ya kuingia kwenye boksi ili matone yadondoke badala ya kuingia. Hewa ya pwani ina chumvi. Unyevu wa chumvi kwenye tamino (viungio vya nyaya) hupitisha umeme, na transmita haina namna ya kuutofautisha na maji ya bombani.

Hatua ya 4: Pima umeme kabla ya kugusa myeyusho wa kukalibretia

Kwanza, pima Pt1000 kwa multimita. Kwenye nyuzi joto 25 inatakiwa kuwa karibu omu 1097, na kwenye 30 karibu omu 1117. Ukiona omu 110, kihisi chako ni cha Pt100, na mpangilio wa transmita lazima ubadilishwe.

Pili, acha kihisi kikiwa kikavu hewani na kimeunganishwa. Kisome sifuri au karibu kabisa na sifuri. Kama cha K 1 kinaonyesha 15 µS/cm hewani, kuna unyevu kwenye kiunganishi au kebo imeathirika. Kausha, tafuta chanzo. Usibonyeze kitufe cha kuweka sifuri ili kuficha tatizo.

Tatu, tenganisha waya za seli na uweke rezista ya usahihi ya omu 1,000 badala yake, fidia ya joto (marekebisho yanayorudisha kipimo kwenye nyuzi 25) ikiwa imezimwa. Transmita yenye K 1 ionyeshe 1,000 µS/cm. Yenye K 0.1 ionyeshe 100. Ikionyesha mara kumi zaidi au pungufu, K iliyoingizwa si sahihi. Jaribio hili huchukua dakika tano tu, na linakuambia kama tatizo liko kwenye transmita au kwenye kihisi. Rudisha waya, washa fidia.

Hatua ya 5: Safisha

Hata kihisi kipya huwa na mafuta ya vidole. Kioshe kwa maji na sabuni laini ya vyombo, kisha maji yaliyoondolewa ioni. Magadi meupe yanaondoka kwa asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita moja ya maji, dakika kumi. Usichanganye asidi na dawa ya klorini, hutoa gesi yenye sumu. Elektrodi zenye platini nyeusi zisiguswe na brashi wala kitambaa. Ukikwangua ule weusi, kihisi kimekwisha.

Hatua ya 6: Kalibresheni

Andaa chupa mpya ya myeyusho wa potasi kloridi wa 1,413 µS/cm, bika mbili za mililita 250, kipimajoto kizuri na maji yaliyoondolewa ioni. Chumvi ya mezani haifai kutengenezea myeyusho huu.

Suuza kihisi kwa maji yaliyoondolewa ioni na ukung'ute. Mimina myeyusho kidogo kwenye bika ya kwanza, suuza kihisi humo, mwaga. Mimina mwingine kwenye bika ya pili, na huo ndio wa kupimia. Ukiruka suuzo la kwanza, matone ya maji yaliyobaki kwenye elektrodi yatauzimua myeyusho.

Zamisha mpaka vitundu vya pembeni vifunikwe, ncha ikiwa angalau sentimita 2 kutoka chini na kutoka ukutani mwa bika. Gongagonga taratibu na ukipandishe na kukishusha mara tatu. Utaona viputo vidogo vikitoka vitunduni; endelea mpaka visitoke tena.

Sasa subiri. Mwili wa kihisi hupokea joto polepole kuliko maji, kwa hiyo dakika tano hadi kumi ni za lazima. Namba 1,413 ni ya nyuzi 25 peke yake. Myeyusho uleule kwenye nyuzi 20 ni 1,278, na kwenye nyuzi 30, ambayo ni kawaida kabisa kwenye chumba cha mtambo pwani, ni 1,552. Fundi akizima fidia na kuingiza 1,413 kwenye joto la nyuzi 30, kihisi kitasoma pungufu kwa takriban asilimia 9 kuanzia hapo. Fidia ikiwa imewashwa kwa asilimia 2 kwa kila nyuzi, rejea ikiwa nyuzi 25, ingiza 1,413. Ikiwa imezimwa, ingiza thamani ya joto ulilonalo kutoka kwenye jedwali la chupa. Hakikisha pia joto linaloonyeshwa na transmita linalingana na kipimajoto; likipishana kwa nyuzi 2, kondaktiviti itapishana kwa takriban asilimia 4.

Namba ikitulia, thibitisha. Transmita itakokotoa K mpya: K ya zamani mara 1,413, gawanya kwa namba iliyosomwa. Kama ilisoma 1,350, K inatoka 1.000 hadi 1.047, na hilo linakubalika. Mabadiliko yakizidi asilimia 10 kutoka kwenye lebo, simama, futa, urudi hatua ya 4 na ya 5.

Kwa kihisi cha maji yaliyochujwa tumia myeyusho wa 84 µS/cm, na ufanye haraka. Huo huchafuka upesi kwa kaboni dayoksaidi ya hewani na kwa tone moja la kitu kingine chochote. Myeyusho uliokwisha kutumika haurudishwi kwenye chupa.

Hakiki kihisi cha K 1 kwa 12,880 µS/cm bila kukalibreti. Kikiwa sahihi kwenye 1,413 lakini kikasoma chini kwenye 12,880, elektrodi bado zina utando.

Hatua ya 7: Fuata namba mpaka kwenye PLC, kompyuta inayoendesha mtambo

Kihisi cha K 1 kikiwa kimerudishwa kwenye myeyusho wa 1,413, na kipimo cha transmita kikiwa 0–5,000, mkondo unatakiwa kuwa 8.52 mA. Pima kwa multimita. Kama skrini ya PLC inaonyesha 2,826, mara mbili kamili, PLC imepangwa kwa 0–10,000. Rekebisha huko, kihisi hakina kosa.

Rudisha vihisi bombani, fungua koki polepole ili hewa itoke, uwashe mtambo. Maji yaliyochujwa yatasoma juu kwa dakika kadhaa za mwanzo, kwa kuwa chumvi hupenya membreni mtambo ukiwa umelala. Weka kengele ichelewe dakika 5 na maji hayo yaelekezwe kwenye mfereji. Yakitulia, piga hesabu: yakiingia 4,200 na kutoka 84, membreni zinazuia asilimia 98. Andika namba hizo pamoja na K mpya, joto na tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa boksi la transmita, na uhakiki tena baada ya mwezi mmoja. Kama kihisi hakijahama zaidi ya asilimia 2, muda unaweza kurefushwa hadi miezi mitatu.