Kabla mashine yako haijapanda basi kwenda usaili

Chikichi zikipoa hazikamuki. Kila mama anayepika mawese hapa Kigoma analijua hilo, na mimi ninayeunda mashine za kukamulia nalijua pia. Lakini siku niliyomsindikiza kijana wa karakana yangu kwenye usaili wa kipindi cha televisheni kinachowakutanisha wabunifu na wawekezaji, tulibeba chikichi zilizochemshwa tangu jana yake, tukakaa foleni saa nne, na alipoitwa mbele ya majaji zilikuwa baridi kabisa. Akapampu jeki inayoendesha mashine mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Yakadondoka matone. Jaji mmoja akauliza, "Ndiyo hivyo tu?" Tukafunga mizigo tukarudi nyumbani.

Mashine ilikuwa nzima. Wiki iliyofuata, kule Ujiji, iliendelea kujaza ndoo kama kawaida. Kosa lilikuwa langu mimi mkubwa, niliyepaswa kuuliza mapema kama pale ukumbini kuna mahali pa kuwasha jiko. Tangu hapo naamini kazi kubwa ya usaili inafanyika hapa hapa kwetu, wiki kadhaa kabla, na vijana wengi wanaitumia nafasi hiyo kujifunza kuongea tu. Haya ninayoyaandika ndiyo ningetaka mtu aniambie wakati ule.

Anza na haki yako juu ya kitu chenyewe. Sheria ya hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, inataka uvumbuzi uwe mpya, na ukishauonyesha hadharani kabla hujawasilisha maombi, upya huo unaweza kuhojiwa. Televisheni ni hadhara kubwa kuliko soko lolote. Kwa Tanzania Bara maombi yanapelekwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Zanzibar wana wakala wao, BPRA, na hati ya upande mmoja haikulindi upande wa pili. Tarehe ya kuwasilisha ndiyo mali yenyewe: Tanzania imo katika Mkataba wa Paris, kwa hiyo unakuwa na miezi 12 tangu ombi la kwanza kuomba katika nchi nyingine wanachama huku ukihesabiwa tarehe ile ile ya mwanzo. Usiende kwenye usaili ukitegemea kuwahi baadaye.

Hapo hapo, kuwa mkweli kuhusu kilicho chako. Kukamua mawese kwa jeki ya lori ni jambo la siku nyingi, mafundi kibao wanafanya. Kama ulichobuni ni namna silinda yenye matundu inavyochomoka kusafishwa bila kufungua bolti hata moja, basi omba hicho, na hicho ndicho ukakionyeshe. Jaji anayejua mashine atakuheshimu ukimwambia mpaka wako uko wapi. Atakuona mwongo ukisema umevumbua ukamuaji. Ofisi ya SIDO ya mkoa itakusaidia kujua kitu gani tayari kipo. Shirika hilo liko kwenye kazi ya viwanda vidogo tangu 1973. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, nao wanawalea wabunifu. Mashindano ya kitaifa ya MAKISATU, yaliyoanza 2019, yana nafasi kwa mafundi wa mtaani wasio na shule ya uhandisi. Ukiweza, pitia huko kwanza. Ni mahali pazuri pa kuulizwa maswali magumu bila kamera kukuzonga usoni.

Sasa safari. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na mashine yako itazipita ikiwa kwenye buti la basi, chini ya magunia ya dagaa ya watu wengine, au kwenye behewa. Mtikisiko unalegeza nati. Kaza kila bolti kwa nati mbili au washa ya springi, halafu chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Ukifika, mstari ukiwa umepishana unajua kilicholegea bila kushika spana. Jeki usiilaze. Ikilala safari nzima mafuta yake yanahama na hewa inaingia, ukipampu inanesa tu wala haipandi. Ikikutokea, fungua valvu ya kushushia, pampu haraka mara kumi hivi hewa itoke, ifunge, jaribu tena. Kijana wa kwangu sasa anafanya hivyo gizani. Mimi husafiri na jeki ya pili kwenye begi la mkononi, na makondakta wamezoea kunigombeza.

Kama kitu chako kinatumia mota, piga simu uulize umeme uliopo ukumbini. Mota ya fezi tatu haitaamka kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, na hakuna mtu wa kipindi atakayekutafutia fezi tatu asubuhi ile.

Kwenye maonyesho yenyewe ndiko ninakotaka ukae muda mrefu zaidi. Majaji wengi hawajawahi kuona mwanamke akitwanga chikichi kwenye kinu kwa nusu siku, wala hawajui kwamba chikichi ikishachubuka bila kuchemshwa inaanza kuharibika na mafuta yake yanakuwa makali kooni. Usipowaletea picha hiyo, mashine yako kwao ni bomba lenye mpini. Chemsha chikichi nyumbani kabla hujaondoka, maana moto ndio unaozuia kuharibika huko. Zikaushe maji, zifunge vizuri. Ukifika zipashe moto upya siku ile ile na uziweke kwenye hotipoti kubwa, ya kupakulia ugali wa harusini. Ifungue jina lako likiitwa, si kabla. Tenga pia kiasi kidogo cha kukamua kwa mkono mbele yao ili waone tofauti kwa macho yao. Weka chombo cha kioo chini ya mdomo wa mashine. Mawese yakianza kushuka mekundu pale, utakuwa huna haja ya maneno mengi.

Wape washike. Na kabla hawajashika wao, mpe mtu asiyekujua na asiyekuonea huruma aichezee siku nzima. Mwaka 2006 Mwingereza Rob Law alipeleka sanduku lake la watoto la kusafiria, Trunki, kwenye Dragons' Den, kipindi cha kwao cha kuomba mtaji kwa wawekezaji. Jaji Theo Paphitis akavuta mkanda wake, ukakatika mbele ya kamera, na Law akaondoka bila mtaji. Masanduku hayo baadaye yaliuzwa kwa mamilioni. Lakini mkanda ule ungeweza kukatika mikononi mwa jirani wiki moja kabla.

Hesabu ziwe kichwani. Ukisema unataka shilingi milioni 20 kwa asilimia 10 ya biashara, umesema karakana yako ina thamani ya milioni 200, na jaji atalifanya zoezi hilo kabla hujafunga mdomo. Tuseme mashine unaiuza 1,200,000, na chuma, jeki, umeme wa kuchomelea na posho ya msaidizi vinakula 850,000. Inabaki 350,000. Ukiwa umeuza sita mwaka mzima, ni 2,100,000. Hapo milioni 200 inatoka wapi? Labda ipo, kama una oda za vikundi vya akina mama wa Kibirizi na Simbo zilizoandikwa na malipo ya awali. Basi nenda na karatasi hizo. Na kwa kuwa mafuta ni chakula, jiandae kuulizwa habari za TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula. Ujue chuma kinachogusa mafuta ni cha aina gani na kimepakwa nini.

Mkataba uombe mapema, ukae nao angalau siku mbili, na umsomee mtu anayejua sheria. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona vijana wanasaini wakiwa wamesimama. Shark Tank, kipindi cha Marekani cha namna hiyo hiyo, kilikuwa na kifungu kilichowapa watayarishaji haki ya kuchukua asilimia 5 ya kampuni ya mshiriki, au asilimia 2 ya faida yake, hata kama hakupata mwekezaji yeyote. Kiliondolewa 2013 baada ya jaji mmojawapo, Mark Cuban, kukipinga. Tafuta vya namna hiyo kwenye mkataba wako. Tafuta pia panaposema huruhusiwi kuonekana kwingine, na panaposema wanaweza kukata na kupanga maneno yako wanavyotaka. Kama mbunifu hajafika miaka 18, mzazi asome na asaini yeye. Na makubaliano ya kupeana mikono mbele ya kamera yachukulie kuwa mwanzo wa mazungumzo; wawekezaji huja kukagua vitabu vya hesabu baadaye, na wengine hujitoa.

Usikope kwa kutegemea ushindi. Jamie Siminoff alitoka Shark Tank 2013 bila dili alilolikubali, na kengele yake ya mlango iliyoitwa baadaye Ring ikanunuliwa na Amazon 2018. Kati ya miaka hiyo alikuwa anauza.

Kabla hujaondoka Kigoma, mwachie mtu karakana, namba ya simu itakayotajwa kwenye kipindi, na mashine ya pili iliyokamilika. Mfundishe bei, mfundishe muda wa kuunda moja, mfundishe kusema "hatujui, nitamuuliza fundi." Siku kipindi kikirushwa, mteja wa kwanza atapiga kabla hujafika hata Tabora.