Sungura wa Nane Nane hupandishwa Januari

Wafugaji wengi huanza kuchagua sungura wa kupeleka Nane Nane katikati ya Julai. Wakati huo kilichobaki ni kuokota aliye nadhifu kuliko wenzake, basi. Sungura anayekaa vizuri mbele ya mwamuzi amehesabiwa kwenye kalenda tangu wazazi wake hawajakutanishwa.

Mimba ya sungura huchukua siku 31, ikipungua au kuzidi ni kwa siku moja au mbili. Viwango vya chama cha wafugaji wa sungura cha Marekani, ARBA, huwagawa sungura wa aina za New Zealand na California kwa umri: walio chini ya miezi 6, wa miezi 6 hadi 8, na waliovuka miezi 8. Iulize mapema kamati ya maonyesho yako inatumia mgawanyo gani. Ukitaka vijana wa miezi mitano ifikapo tarehe 1 Agosti, wazaliwe karibu na tarehe 1 Machi, kwa hiyo majike wapandishwe kati ya tarehe 28 na 30 Januari.

Hapo ndipo penye mtego kwa mfugaji wa Morogoro, Tanga au Dar es Salaam. Joto likivuka nyuzi 30 kwa siku kadhaa mfululizo, mbegu za dume huharibika, na mbegu mpya huchukua karibu wiki 7 kukamilika. Dume aliyeungua na joto katikati ya Desemba atapanda kwa hamu mwishoni mwa Januari, ataanguka ubavuni kama kawaida ya dume aliyemaliza kupanda, na jike hatashika mimba. Anayelaumiwa ni jike, na pengine anaishia sufuriani bila kosa.

Mlinde dume kuanzia mwanzo wa Desemba. Kizimba chake kiwe upande usiopigwa na jua la alasiri, na bati lifunikwe kwa makuti au nyasi. Saa za mchana mwekee chupa ya lita moja na nusu yenye maji yaliyogandishwa, mwenyewe ataiegemea. Maji ya kunywa yasikauke. Sungura hatoi jasho, masikio ndiyo yanayomtolea joto, kwa hiyo ukiona anahema kinywa wazi na pua imelowa, usisubiri jioni: lowesha masikio yake kwa maji ya kawaida, si ya barafu.

Wazazi wachaguliwe kwa vidole kabla ya macho. Fungua midomo: meno ya juu yanatakiwa kutangulia kidogo mbele ya yale ya chini. Meno yaliyopishana au kurefuka mara nyingi ni ya kurithi, na mnyama huyo haendi maonyeshoni wala hazalishwi. Kisha pitisha kiganja kutoka shingoni hadi mkiani. Mgongo mzuri wa New Zealand hupanda taratibu, hufika kilele juu ya nyonga, halafu hushuka kwa mviringo. Ukihisi bonde nyuma ya mabega, au mifupa ya nyonga inakuchoma, muache, hata kama ndiye mkubwa kuliko wote bandani. Kwa viwango vya ARBA dume mzima wa New Zealand ana kilo 4.1 hadi 5, jike kilo 4.5 hadi 5.4. Kuzidi hapo kunamwondoa mashindanoni, jambo linalowashangaza wanaodhani ushindi ni wa mizani.

Vijiji vingi vina sungura waliotokana na jozi moja iliyoletwa miaka iliyopita. Ndugu wa tumbo moja wasipandishane. Tafuta dume kwa mfugaji wa mbali anayetunza kadi za uzazi, na mtenge wiki 4 kabla hajaingia bandani. Dume mmoja anatosha majike 8 hadi 10, ila kuwa na wawili ni bima ya huo msimu wa joto.

Siku ya kupandisha, jike apelekwe kwenye kizimba cha dume. Ukifanya kinyume, jike atalinda makao yake, na dume anaweza kutoka na majeraha ya sehemu za siri. Tazama uke kwanza: ukiwa mwekundu au wa zambarau na umevimba kidogo, yuko tayari, ukiwa mweupe na mkavu, mrudishe umjaribu tena baada ya siku mbili. Fanya kazi hii alfajiri au jioni. Upandaji uliokamilika hauchukui dakika, na huishia dume akianguka kwa ubavu, wakati mwingine kwa mlio. Dakika tano zikipita bila hilo, watenganishe. Jike wa sungura huachia mayai saa 10 hivi baada ya kupandwa, kwa hiyo kumrudisha kwa dume saa 8 baadaye huongeza nafasi ya mimba. Andika tarehe na namba za wote wawili papo hapo. Ya kuandikwa kesho haiandikwi.

Siku ya 12 hadi 14 baada ya kupandishwa, mpime jike mimba. Mkono mmoja umshike ngozi ya mabega, mwingine uupitishe chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma, kidole gumba upande huu na vidole vingine upande ule, ukitelezesha bila kubana. Mimba huteleza chini ya vidole kama zabibu laini zilizofuatana. Kinyesi ni punje ndogo, ngumu, na kiko juu zaidi karibu na uti wa mgongo. Jike anayejinyonyoa manyoya siku ya 17 amebeba mimba ya uongo. Mpandishe tena ikiisha.

Kasha la kuzalia liingie siku ya 28. Likiwekwa mapema, jike huligeuza choo. Urefu wa sentimita 45, upana 30 na mlango wenye kizingiti cha sentimita 15 humfaa New Zealand. Toboa matundu chini ili mkojo utoke, weka maranda ya mbao kidogo na juu yake nyasi kavu kabisa. Vitoto vingi hufa kwa kuzaliwa nje ya kasha, juu ya waya, na kupoa. Siku ya kuzaa hesabu walio hai na ondoa waliokufa. Usiogope jike akionekana hanyonyeshi: hunyonyesha mara moja kwa siku, dakika tatu hivi, mara nyingi usiku au alfajiri. Tumbo la mtoto aliyeshiba huwa mviringo kama puto, la mwenye njaa lina makunyanzi. Kwa watoto wa maonyesho mwachie mama 6 au 7. Waliozidi wape jike mwingine ambaye kuzaa kwake hakupishani na kwa huyu kwa zaidi ya siku mbili.

Waachishe kunyonya wiki ya 5 hadi ya 6. Chakula kisibadilishwe wiki hiyohiyo, kwani koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na kuharisha hupenda kuwapata hapo. Sakafu iwe kavu, na majani yanyauke nusu siku kabla ya kuwapa. Usimnyweshe sungura amoksilini au penisilini: huua bakteria wema wa tumbo, naye hufa kwa kuharisha siku chache baadaye.

Kuanzia wiki ya 8, kila siku mweke kijana mezani juu ya gunia kwa dakika mbili tatu. Miguu ya mbele ikae chini ya macho, vidole vya miguu ya nyuma viwe usawa wa nyonga. Asiyezoea hujilaza bapa au kukurupuka, na mwamuzi haoni ule mgongo uliouhangaikia. Namba ichorwe sikio la kushoto. Mwezi wa mwisho lowesha viganja kidogo, sugua manyoya kutoka nyuma kwenda mbele, kisha uyalaze. Yaliyokufa yatabaki mkononi. Usimwogeshe. Madoa ya njano miguuni ni aibu ya sakafu, si ya brashi. Anayenyonyoka manyoya wiki ya maonyesho abaki nyumbani, na mwenye mafua au magamba ya utitiri ndani ya sikio vilevile.

Wafugaji wa California wana lao: weusi wa pua, masikio, miguu na mkia hukolea kwenye baridi na kupauka kwenye joto. Kijana wa Njombe na nduguye aliyekulia Dar es Salaam hawatafanana.

Safari ianze usiku, kila mmoja na boksi lake lenye hewa. Beba chakula cha nyumbani cha siku zote pamoja na dumu la maji, maana wengine hususa maji yenye ladha ngeni. Wakirudi, wakae kizimba cha mbali kwa wiki 3, uwahudumie mwisho baada ya wengine wote, kwa ndoo na ufagio wao wenyewe.