Namna ya Kutumia Kitenzi “Forsake” katika Kiingereza Rasmi

Mtu anayeandika barua ya Kiingereza ofisini, akiona “leave” ni neno jepesi mno, huenda akachukua “forsake” kwa kuwa linasikika zito. Uzito huo una masharti yake. “Forsake” ni kumwacha mtu uliyepaswa kusimama naye, au kuacha imani na desturi uliyoishika, na mara nyingi ndani yake mna lawama ile ile tunayoisikia tukisema fulani ameitelekeza familia yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika, tazama kinachoachwa. Kijana aliyehamia Mbezi akamsahau mama yake Tandale, asimjulie hali wala kumtumia senti, anastahili sentensi hii: “He forsook his mother.” Daladala iliyoharibikia Ubungo ikaachwa kando ya barabara haiwezi kusalitiwa; hiyo ni “abandon”. Anayeachia madaraka hutumia “relinquish”, anayeukana uraia “renounce”, na askari mtoro “desert”. Neno hilo la mwisho ndilo pia la mahakamani: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataja “desertion” ya makusudi ya angalau miaka 3 miongoni mwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika, hivyo anayeandaa maombi ya talaka asiipambe hoja yake kwa “forsake”.

Maumbo yake ni “forsake, forsook, forsaken”, na “forsaked” ni kosa. Anayeachwa hufuata kitenzi moja kwa moja, bila “from” wala “to”.

Msomaji wa Kiingereza husikia kanisa ndani ya neno hili. Biblia ya King James ya mwaka 1611, katika Mathayo 27:46, ina kilio cha Yesu msalabani, “why hast thou forsaken me?”, ambacho Biblia yetu ya Kiswahili imekitafsiri “mbona umeniacha?” Ibada ya ndoa ya Waanglikana katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 inasema “forsaking all other” (ukiwaacha wengine wote), na hapo, kinyume na kawaida, kuacha ndiko kunakosifiwa. Kwa sababu ya mwangwi huo, neno hili hupendeza katika hotuba, mahubiri, tanzia na riwaya, hasa kwa kukanusha: “We will not forsake our elders.” Katika barua ya kuacha kazi andika “I resign”, maana “I forsake my employment” itamfanya mwajiri ajiulize ni dhambi gani unayoiungama.