Ndege ya 00:15 ni ya Usiku wa Kuamkia

Ndugu zangu mnaofunga mizigo Guangzhou, umbali tuumalize kwanza. Kutoka Guangzhou hadi Dubai kwa ndege ya moja kwa moja ni karibu kilomita 5,800, saa nane hivi angani. Kurudi China hupungua kidogo, upepo wa juu unasukuma kuelekea mashariki. Tiketi isikuchanganye: ukiondoka 00:15 utaona unatua 04:15, ukadhani ni safari ya saa nne. Dubai iko nyuma ya China kwa saa nne, basi. Pasi, viza, kilo za mizigo, hayo mnayajua.

Kilichonipiga mimi ni ile 00:15.

Tiketi yangu iliandikwa Ijumaa, 00:15. Nikaisoma Kiswahili: Ijumaa, saa sita na robo usiku. Ijumaa hiyo nikaswali, nikala mtaa wa Xiaobei, nikaaga watu, saa tatu usiku niko uwanja wa ndege wa Baiyun na mabegi mawili niliyoyazungushia selotepu. Binti wa kaunta akaitazama pasi, akaitazama skrini, akaandika kitu kwenye simu yake na kunigeuzia. Programu ya tafsiri ilitoa neno moja la Kiswahili: "Jana."

Ndege ya Ijumaa 00:15 huondoka usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Alhamisi saa tatu usiku uwe uwanjani. Narudia, Alhamisi! Bibi yangu wa Pangani, ambaye siku yake huanza magharibi, angeiwahi, maana kwake usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishatua. Mimi msomi nikaachwa.

Na usidhani unapoteza kipande kimoja tu cha safari. Usipotokea safari ya kwanza, mashirika mengi hufuta na vipande vilivyobaki kwenye tiketi hiyohiyo. Dubai–Dar yangu ikaenda nayo.

Nanyi wa nyumbani, jamani. Shangazi alinipigia: "Mwanangu, si uwaombe tu wakupakie kwenye ya kesho?" Shangazi yangu, hapa si stendi, hakuna konda wa kubembeleza. Wachina wenyewe wanahesabu saa 24, na nchi nzima inafuata saa ya Beijing, hata Urumqi, magharibi ya mbali, ambako majira ya baridi jua huchomoza saa tatu na zaidi asubuhi. Nilikuwa nawacheka kwa hilo. Siku hizi hata simu yangu nimeiweka saa 24.

Kwa hiyo ukimwandikia mtu wa kukupokea, usimtumie picha ya tiketi peke yake. Andika: "naondoka usiku wa kuamkia Ijumaa, natua Ijumaa alfajiri, saa kumi na robo ya huko." Mimi nilimtumia shemeji wa Deira, pale Dubai, picha tu. Akaitazama, akanijibu kwamba Jumamosi alfajiri atakuwa uwanjani bila kukosa.