Mtoto yuko kwenye kemo, yaani dawa kali za saratani? Hivi ndo unavyomwandaa kwa leza ya vidonda vya mdomoni

Kwanza toa hofu, hii leza sio ile ya kukata nyama. Ni mwanga mwekundu, au ule wa infraredi ambao jicho halioni, nguvu yake ndogo na hauunguzi. Seli zinaunyonya, zinapata nguvu ya kujitengeneza, na maumivu yanapungua.

Sasa kosa letu wazazi ni kusubiri mpaka mtoto agome kula ndo tuanze kuuliza. Vidonda mara nyingi vinajitokeza kama wiki moja hivi baada ya dawa kuingia, kwa hiyo uliza mapema, kabla kemo haijaanza, hasa kama anapewa methotreksati (moja ya dawa za kemo) dozi kubwa au anaenda kupandikizwa uboho, maana leza inatumika pia kuzuia, sio kutibu tu.

Kazi yenyewe sio leza jamani, kazi ni kumfanya mtoto akae ametulia mdomo wazi! Siku chache kabla chezeni mchezo wa simba anapiga miayo, unahesabu taratibu mpaka kumi halafu anafunga, mnapumzika, mnarudia. Omba miwani ya kinga aishike, amvalishe mdoli wake kwanza, maana chumbani kila mtu lazima aivae, na wewe pia, na iwe ya leza ileile, miwani ya jua haisaidii kitu. Kabla ya kuanza mswaki laini kabisa, asukutue kama anaweza, basi. Kila sehemu inamulikwa sekunde kadhaa tu, shavu kwa ndani, midomo, ulimi pembeni na chini yake, halafu inarudiwa siku nyingine kadri timu yake ilivyopanga. Akishindwa kabisa kufungua usimlazimishe, uliza kama wanacho kifaa cha kumulika kutokea nje ya shavu.

Usinunue kimashine mtandaoni ukamfanyia mwenyewe. Kipimo kinahesabiwa, na kama kuna uvimbe wa saratani hukohuko mdomoni haumulikwi hovyo, daktari ndo anaamua.

Na dawa za maumivu usiziache eti kwa sababu kuna leza, mpe nusu saa hivi kabla ya kula kama daktari ameruhusu. Akipata homa ya 38 na kuendelea, hata kama mdomo unaonekana unapona, piga simu hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.